Betri Moja

Jumapili aliyotutoka baba, betri ilikuwa kwenye gari jekundu.

Tulikuwa na magari mawili na betri moja. Jekundu lilikuwa gari la mashindano la zamani, viti viwili, pua ndefu. Baba alikuwa nalo kabla hajamwoa mama. Jeupe lilikuwa dogo, la kunusa mafuta tu, na mama aliliita Kiberiti. Kiberiti kilitupeleka shule, hospitali na misibani. Jekundu lilikaa juu ya mawe, bila matairi. Lakini kila Jumapili baba, fundi magari wa miaka thelathini, aliitoa betri kwenye Kiberiti, akaliwasha jekundu, akaigusisha bisibisi kwenye injini na kuweka mpini sikioni. Alisikiliza dakika kumi, kisha akairudisha betri.

"Mke mwenzangu kaamkaje?" mama alikuwa akimuuliza.

"Anakohoa kidogo."

"Mpikie uji."

Jumapili hiyo baba alisema mgongo unamsumbua. "Nihamishie wewe leo, mwanangu." Nikahamisha. Alisikiliza, akazima injini, akaketi chini akiegemea ukuta. Nikadhani anapumzika, nikaingia ndani kunywa chai. Niliporudi alikuwa amelala ubavu, pumzi zinamkwama. Nikakimbilia Kiberiti, nikazungusha ufunguo. Kimya. Nikakumbuka betri. Nilipokuwa naifungua, spana ikaniponyoka ikadumbukia chini ya injini. Hatimaye jirani alitupeleka hospitali kwa gari lake. Tulifika tumechelewa.

Miezi miwili baadaye baba mdogo alikuja kuliomba jekundu.

"Shemeji, hilo ndilo gari. Hicho Kiberiti chenu mbuzi akikipiga pembe kinapinduka."

"Lichukue," mama alisema. "Sitaki kuliona. Siku ile angeacha betri mahali pake, tungefika."

Nilikuwa nimechoka. Miezi miwili nilikuwa nalala na neno moja kooni, naamka nalo. Baba mdogo alipotoka kwenda kuyatazama yale mawe, nikalitema.

"Hakuihamisha yeye, mama. Niliihamisha mimi."

Mama aliendelea kukunja mashati ya baba. Alikunja moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Najua," alisema. "Ulinishika mkono kule hospitali. Nilirudi na grisi yako kwenye kiganja. Mikono ya baba yako ilikuwa safi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Nilikuwa jikoni. Nilimwona ameketi pale, nami nikadhani anapumzika."

Nilimsaidia kukunja yaliyobaki.

Jumamosi jekundu lilifungwa matairi ya kuazima, likavutwa kwa kamba mpaka barabarani. Baba mdogo hajaliwasha bado, hana betri. Yetu iko kwenye Kiberiti, na kila Jumatano nampeleka mama kliniki kupimwa presha.