Uso wa Blanketi

Modest Amnaay alikuwa mwenyekiti wa vitu vitatu: kitongoji, kamati ya ujenzi wa choo cha shule, na Umoja wa Wasomaji wa Blanketi. Kitongoji alipewa kwa kura. Choo kilikuwa mwaka wa tano na bado hakina paa. Umoja wa Wasomaji alijipa mwenyewe, siku alipokuta watu wanacheka kwenye mgahawa wa Fransiska pale Endasak, akaona si vizuri watu wacheke bila uongozi.

Walichokuwa wanakicheka ni kijitabu cha katuni. Juliana, binti wa Marieta, ambaye siku hizi ana duka la fotokopi Mbulu mjini, anamchora shujaa anayeitwa Blanketi, kurasa kumi na mbili kila mwezi. Vijitabu vinafika Endasak siku ya mnada, vimefungwa nyuma ya pikipiki, na kabla ng'ombe wa kwanza hajapata mnunuzi vimekwisha. Shujaa huyu haruki angani wala hatoi moto machoni. Anajifunika blanketi la kijivu gubigubi, kama mtu yeyote wa huku asubuhi ya Julai, yanabaki macho tu. Anamtoa ndama korongoni, anamrudisha mwizi wa mahindi kwa kumshika sikio, anabeba wagonjwa. Akimaliza anaondoka, na hakuna anayemjua.

Ila Blanketi ana adabu, na hapo ndipo ubishi wote ulipoanzia. Huku mtu hafiki mahali akaanza kazi bila kuamkia wakubwa, hata kama nyumba inaungua. Kwa hiyo shujaa hutoa shikamoo kwanza, ndipo apigane. Katika toleo la nne, jambazi alisubiri na panga lake mkononi mpaka wazee watatu na bibi mmoja walipokwisha kuamkiwa. Wasomaji hawakuchelewa kuona kwamba uso umefunikwa lakini umri haukufunikwa. Aliyemwamkia fundi cherehani ni mdogo kwa fundi cherehani. Aliyepewa shikamoo na mwalimu kijana ni mkubwa kwa mwalimu kijana. Watu walitoa madaftari ya watoto wao wakaanza kuandika nani kamwamkia nani, na mke wa mtu akiuliza kwa nini daftari la hesabu limejaa shikamoo, anaambiwa anyamaze, huo ni utafiti.

Modest alikuwa na jibu lake, na lilimpa usingizi mtamu.

"Katika matoleo kumi na nane," alikuwa akisema huku kidole kikiwa juu, "Blanketi amemwamkia kila mkubwa. Mmoja tu hajamwamkia hata mara moja. Mwenyekiti wa kitongoji! Anapita, anasema 'Mwenyekiti,' basi. Kwa nini? Nawauliza, kwa nini?"

Watu wanakunywa chai.

"Kwa sababu mtu hawezi kujiamkia mwenyewe."

Hapo alikuwa anakaa, anaweka sawa kalamu kwenye mfuko wa shati, na kusubiri wengine wamalizie hesabu.

Fransiska, mwenye mgahawa, alijaribu kumshusha polepole. Ni mwanamke wa miaka hamsini na tano, sauti yake ndogo na sufuria zake kubwa. "Mwenyekiti, fundi cherehani ana miaka hamsini. Wewe una sitini na moja. Blanketi amempa shikamoo."

"Kujishusha huko," Modest akajibu. "Viongozi tunajishusha."

Msilaumu sana kichwa chake kuvimba. Kilikuwa na sababu ya zamani. Miaka minne nyuma, mvua za Aprili zilipojaza korongo, Marieta, mama yake Juliana, alishikwa na tumbo, na zahanati iko ng'ambo. Alivushwa mgongoni kwa mtu. Nani, haikujulikana, mvua ilikuwa kali na kila mwenye akili alikuwa ndani. Tangu siku hiyo Modest hakuwahi kusema kwamba ni yeye. Alikuwa akiulizwa anautazama Mlima Hanang, anavuta pumzi ndefu, halafu anasema, "Wengine tunafanya, hatusemi." Kwa maneno hayo matatu alipita uchaguzi uliopita bila jasho. Sasa uchaguzi mwingine ulikuwa mlangoni, na habari za korongo zilikuwa zimeanza kuchakaa. Alihitaji mtu azifufue, na bora azifufue mtu mwingine, si yeye.

Ndipo toleo la kumi na tisa likaja na maneno kwenye jalada la nyuma: Je, nimfunue Blanketi? Wasomaji wa Endasak, amueni. Nitakuja na toleo la ishirini siku ya mnada.

Mgahawa uligawanyika kabla sukari haijayeyuka. Gidabuday, mfugaji kutoka Balangdalalu anayekuja na ng'ombe kila mnada, alitaka afunuliwe, maana ana uhakika ni mtu wa kwao. "Tazama anavyoshika fimbo," alisema. "Mkulima anashika fimbo kama anaogopa itamng'ata. Huyu ni wetu." Mkulima mmoja akamwuliza kama wafugaji nao siku hizi wanarudisha mahindi. Waliachana kwa taabu.

Fransiska alitaka aachwe alivyo. "Leo anasaidia kila mtu kwa sababu hatujui ni wa ukoo gani. Mfunueni muone. Kesho atapelekewa kadi tatu za mchango wa harusi, keshokutwa shemeji yake atataka abebwe yeye kwanza. Na akimsaidia mfugaji wa Kidatoga, wakulima Wairaqw watamwita msaliti. Mtamuua huyo kaka kwa kumpenda."

Alivyosema hivyo alimtazama Modest muda mrefu kidogo kuliko chai ilivyohitaji. Modest alidhani anamsihi asichoke kuwahudumia.

Tadei alikuwa anapuliza chai yake. Tadei ni fundi mwashi, anaelekea miaka arobaini, na ndiye msomaji wa Umoja: kijitabu kikifika yeye ndiye anayesimama na kuwasomea wenzake, kwa sababu ana sauti nzuri na wazee wengi miwani yao imevunjika mkono. Ni mtu wa adabu. Akiingia anamwamkia Fransiska, anamwamkia Mzee Hhando pale kona, anazunguka benchi zima. Akifika kwa Modest anasema, "Mwenyekiti." Modest alipenda sana jambo hilo. Shikamoo hupewa hata bibi anayeuza ndizi. Cheo kinatajwa kwa mwenye nacho. Aliwahi hata kumsifu mbele za watu: "Tadei huyu anajua itifaki."

Siku tatu kabla ya mnada, Modest alimwandikia Juliana barua yenye muhuri wa kitongoji. Alimwarifu kwamba Umoja, kwa kauli moja, umeridhia Blanketi afunuliwe. Kauli moja ilikuwa yake. Aliongeza kwamba yeye binafsi anamfahamu shujaa huyo kwa karibu sana, lakini unyenyekevu unamzuia kuendelea. Ndani ya bahasha alitia picha zake mbili za pasipoti, kwa ajili ya kumbukumbu.

Juliana alifika siku ya mnada saa nne asubuhi, msichana mwembamba mwenye wino kwenye vidole, na karatasi kumi na mbili ndani ya faili la plastiki. Aliamkia watu wote mmoja mmoja. Alipofika kwa Modest alimpa shikamoo safi, akainama kidogo, na Modest akaitikia marahaba kwa sauti ya kusikika mpaka zizini. Mgahawa ulijaa. Waliokosa nafasi walisimama madirishani, na ng'ombe wao wakabaki wanajiuza wenyewe.

"Kabla hatujapiga kura," alisema Juliana, "naomba toleo hili lisomwe. Bado sijalitoa fotokopi."

Modest akasimama kukifungua kikao rasmi, akataja waliohudhuria, akataja walioomba udhuru ingawa hakuna aliyeomba, akakaa. Tadei akapokea karatasi. Aliutazama ukurasa wa kwanza, akakohoa kidogo, akaanza.

Ilikuwa mvua. Marieta alikuwa mgongoni kwa Blanketi, amefumba macho kwa maumivu, na njia ilikuwa inashuka kuelekea korongo. Walipita nyumba ya kwanza; bibi alikuwa mlangoni anakinga maji ya paa.

"'Shikamoo bibi,'" akasoma Tadei. "'Marahaba mwanangu, kimbia.'"

Nyumba ya pili mzee alikuwa anafunga mbuzi. Shikamoo, marahaba. Ya tatu, shikamoo, marahaba. Watu wakaguna kwa kuridhika: mtu ana mgonjwa mgongoni, matope mpaka magotini, na bado anaamkia. Modest alitikisa kichwa kwa upole wa mtu anayejisikia akisifiwa.

Ukurasa wa tano ulikuwa nyumba ya mwenyekiti. Tadei aliunyanyua ili wote waone. Mwenyekiti alichorwa amesimama chini ya paa lake, viatu vikavu, kalamu mfukoni. Kalamu ilichorwa vizuri kweli. Nyuma yake mlango wa stoo ulikuwa wazi, na ndani ya stoo, imeegemea ukuta, ilikuwepo machela ya kitongoji. Mbele yake, kwenye mvua, alisimama msichana mmoja akilia. Msichana alikuwa na wino kwenye vidole.

"'Machela haitoki bila saini ya mtendaji,'" akasoma Tadei, "'na mtendaji amekwenda Katesh.'"

Hakuna aliyecheka. Modest alikuwa ameisahau kabisa ile machela. Alikuwa ameisahau vizuri, kwa juhudi, kwa miaka minne, mpaka akaamini kwamba siku ile alikuwa popote isipokuwa chini ya paa lake. Sasa aliiona tena: msichana amelowa, analia, na yeye akimweleza utaratibu. Halafu mtu wa blanketi akapita njiani na mzigo wake, akageuza kichwa, macho tu, na akasema neno moja.

Tadei akageuza ukurasa.

"'Mwenyekiti,'" akasoma.

Alilisoma taratibu, bila hasira na bila heshima, kama mtu anayetaja jina la kituo alichokipita. Na Modest akaijua, maana sauti ile hakuisikia mara mbili tu. Aliisikia kila siku ya mnada. Aliisikia kanisani, kwenye misiba, njiani na kwenye mapipa ya maji. Miaka minne mtu huyu alikuwa anazunguka benchi zima na shikamoo zake, anafika kwake, anaziweka mfukoni. Na yeye alimsifu kwa itifaki!

Katika karatasi zilizobaki Blanketi alivuka, Marieta akapona. Tadei alizikusanya, akazipanga kingo, akazirudisha.

"Ukurasa wa mwisho ni mweupe," alisema Juliana. "Sijui nichore uso gani. Mama hakumwona, mimi nilibaki nyuma nalia. Alichokumbuka mama ni kwamba mtu huyo alimwamkia kila mtu isipokuwa mmoja, na mama akasema, mtoto wa huku akimnyima mkubwa shikamoo, ujue ameona kitu." Akatoa bahasha kwenye faili. "Lakini Mwenyekiti ameandika kwamba anamfahamu kwa karibu. Basi aseme. Na picha hizi narudisha, zimezidi."

Picha mbili za pasipoti zikapita mkono kwa mkono kutoka kwa Juliana mpaka kwa Modest, na kila mkono ulizitazama kabla ya kuzipitisha.

Watu wote wakageuka. Gidabuday alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Fransiska aliacha kukoroga. Tadei alikuwa anatazama vidole vyake vyenye saruji, ametulia kama mtu anayesubiri gari ambalo si lazima lije.

Tuwe wakweli, Modest hakuwa mjinga. Alikuwa na jina mdomoni, na ndiye peke yake mgahawani aliyekuwa nalo. Kwa miezi kumi na tisa alikuwa ametamani dakika hii. Lakini angelitaja, mtu angemwuliza umejuaje, na jibu lilikuwa moja tu, na lilikuwa limeegemea ukuta wa stoo yake.

"Afunikwe," alisema.

"Nini?" akauliza Gidabuday.

"Nimesema afunikwe! Kikao kimeamua. Abaki na blanketi lake."

"Barua yako ilisema..."

"Barua ilikuwa rasimu."

Fransiska akamimina chai upya kwa watu wote, na kikombe cha Modest akakijaza mpaka ukingoni, ambayo ndiyo huruma pekee aliyoipata siku hiyo. Gidabuday alilalamika kwamba wakulima wamemficha mtu wa watu, lakini kura ilipigwa, mikono ikanyooshwa, Tadei naye akanyoosha wake: afunikwe.

Mnada uliofuata toleo la ishirini lilifika, ukurasa wa mwisho ukiwa na blanketi na macho. Modest aliwahi kukaa benchi lake, kalamu mfukoni, akatazama mlango. Tadei akaingia na vumbi la saruji kwenye nywele. Akamwamkia Fransiska, naye akaitikia. Akamwamkia Mzee Hhando, naye akaitikia. Akazunguka benchi mtu kwa mtu mpaka akafika, akasimama.

"Mwenyekiti."

"Marahaba," akaitikia Modest kwa nguvu, na mgahawa mzima ukasikia kwamba hakuna aliyemwamkia.