Beseni la Hallbera

Kila beseni la kukingia sumu lilipojaa, Hallbera alilibeba hadi mfereji ulio nyuma ya gereji, akamwaga, akarudi. Ni mwendo mfupi. Lakini katika mwendo huo sumu ya nyoka ilimdondokea mumewe Ketill usoni, naye, akiwa amefungwa juu ya mawe matatu, alijipindapinda kwa maumivu hadi ardhi ya kijiji kizima ikatetemeka. Kwenye bwawa la maji moto watu waliinua vikombe vyao vya kahawa, wakangoja kidogo, kisha wakaendelea kumsema waziri wa uvuvi.

Nyoka huyo alining'inizwa kwenye boriti juu ya uso wa Ketill na wanakijiji wenyewe. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na mzaha wa Ketill ulimuua kijana aliyependwa kuliko wote. Alistahili adhabu, hata Hallbera hakulibishia hilo. Ila Hallbera hakuhukumiwa na mtu, na mikono iliyokuwa ikiuma ilikuwa yake. Kigoda cha kuwekea beseni walishajaribu: nyoka alisogeza kichwa, akadondosha pembeni. Alitaka beseni lishikwe na mtu.

Masika yale binti yao alijifungua huko mjini Akureyri, na Hallbera akashikwa na udadisi usiomwacha ale wala alale. Mtoto amechukua masikio ya nani? Ya ukoo wa Ketill yalichomoza kama vishikio vya sufuria; ya kwao yalilala. Katika picha zote mtoto alivishwa kofia. Akamuuliza binti kwa simu aliyoiegemeza kwenye jiwe.

"Masikio ya mtoto hayasimuliwi, mama. Njoo umpakate."

Siku moja tu ingemtosha. Akamwomba Ragnheiður, mwenyekiti wa chama cha wanawake, amtafutie mtu wa kushika beseni, na Ragnheiður akalifikisha jambo bwawani. Wakalijadili kwa huruma ya kweli. Mchungaji alikuwa na bega bovu. Mwalimu wa kuogelea aliogopa nyoka. Mwenye duka alikuwa tayari, ila alimjua Ketill na mdomo wake, asije akachokozwa beseni likamponyoka. Walikubaliana kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, kisha kila mmoja akakificha chake. Walikubaliana pia kwamba mke kama Hallbera siku hizi hapatikani.

Jumapili wakaja gereji na keki ya krimu na zawadi waliyoichangia: beseni jipya la shaba, pana kama meza ya chai. Wakapiga makofi.

"Hili halijai upesi, dada," akasema Ragnheiður. "Sasa utapumzika. Na sisi tutalala."

"Niliomba mikono, Ragnheiður."

"Najua, mpenzi. Ndiyo maana tumelitia vishikio."

Wakala keki, wakamsifu nyoka kwa kunenepa, wakaenda zao. Hallbera alisimama pale pale, beseni la zamani mikononi. Ketill alimtazama kutoka chini.

"Nenda kwa mjukuu," akasema. "Waache watetemeke siku moja."

"Na wewe?"

"Mimi nilishazoea. Siku hizi hata haiumi."

Ketill alikuwa mwongo tangu utotoni, na katika miaka yote ya ndoa hakuna uongo wake uliowahi kumpita Hallbera. Akampigia binti, akamwambia atakuja labda kiangazi. Kisha akalinyanyua beseni jipya. Lilikuwa zito hata kabla ya tone la kwanza.