Mawe Yaliyosaga Hewa

Kila asubuhi ya siku za kazi Balbir alitoka nyumbani kwa mwanawe Avtar, kwenye kitongoji cha Harrow, mkebe wa chakula mkononi, akapanda treni pamoja na waendao kazini. Kazi hakuwa nayo. Alikuwa amemwambia Avtar kwamba ameajiriwa kwenye karakana, maana mtu aliyesaga unga Kisumu miaka thelathini na moja, akanyimwa leseni ya biashara na kuhamia ugenini, hazoei upesi kulishwa na mwanawe. Basi alijikaza kisabuni, akashinda akizunguka na treni, ulimi umemkauka kwa kukosa wa kusema naye.

Siku moja ya Novemba, mwaka 1968, alishuka kituo cha mwisho, akafuata kijito hadi kwenye kinu cha kale cha kusagia nafaka kwa nguvu za maji. Dinah, bibi aliyekitunza, alimpokea kwa furaha ya mtu asiyepata wageni. Alimsimulia jinsi kinu kilivyosaga ngano ya kijiji kwa karne tatu, hadi unga wa viwandani ulipokuja kwa malori na wateja wakapukutika.

"Lakini baba, msagaji wa mwisho hapa, alisaga mpaka wiki aliyokufa," alisema kwa fahari. "Mimi na mama tulisikia ngurumo ya mawe tukiwa jikoni."

Balbir aliinama, akapitisha kidole juu ya jiwe la kusagia. Mifereji yake ilikuwa imelika, uso unang'aa, ukingoni pana weusi wa kuungua. Nafaka haili jiwe namna hiyo.

Angeweza kunyamaza. Lakini Dinah alikuwa ameshamsoma usoni.

"Umeona nini, bwana?"

"Mawe haya yalizungushwa matupu, bila nafaka, bibi. Tena kwa muda mrefu. Msagaji hafanyi hivyo kwa kughafilika."

Dinah alikaa polepole kwenye benchi. "Mama alimwekea nyama yeye kwanza, kwa sababu ya uchovu wake," alisema. "Na ule unga kwenye nyusi zake..."

Balbir alijua unga ule ulikotoka. Yeye mwenyewe, kila jioni kabla ya kubisha hodi, alijipaka grisi kwenye kucha.

"Nawe unafanya kazi wapi?" Dinah aliuliza hatimaye.

Jina la karakana lilikuwa tayari mdomoni. Alilimeza.

"Sina kazi," alisema, na sauti yake ikamshangaza kwa utulivu wake.

Dinah alisogea, akamwachia nafasi kwenye benchi.