Zamu ya Kitindamimba Wangu

Kiwanda cha nguo kilipokuwa hai, mtaa wetu haukuhitaji saa. King'ora kililia alfajiri, na papo hapo ungesikia mafagio uani, vifuniko vya sufuria, mabomba yakikohoa maji, na akina mama wakiitana juu ya kuta. Kililia mchana, watu wakala. Kililia jioni, akina baba wakarejea na mashati begani. Mimi nilikuwa msimamizi wa zamu katika chumba cha kufumia, na marehemu mke wangu alikuwa msimamizi wangu mimi. Mezani kwetu chai haikunywewa mpaka kila mtu awe amenawa, ameketi na amesalimia. Hivyo ndivyo tulivyowalea watoto watano.

Kisha kiwanda kikafungwa, mke wangu akatangulia mbele ya haki, na kitindamimba wetu akaingia kwenye unga. Sisemi kwamba mambo hayo yalizaana, yalifuatana tu.

Binti yangu huyo alirudi nyumbani akiwa mjamzito, amekonda mpaka nguo zinamning'inia kama zimeanikwa. Hospitali ikamwanzishia dawa ya kunywa kila asubuhi mbele ya muuguzi, ile inayoutuliza mwili usidai unga. Alipojifungua akakabidhiwa kwa daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa akifanya utafiti. Alitaka kujua akina mama waliotumia dawa za kulevya wanaamka saa ngapi, wanaongea na nani kwanza, wanakula na kulala lini, na kama siku yenye mpango inawasaidia wasirudi walikotoka. Nilipoelezwa, nilifurahi. Mpango wa siku ndio ulikuwa ufundi wangu.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke kijana, mwenye adabu na macho yasiyopepesa. Alipokuja nyumbani mara ya kwanza alitueleza waziwazi: majibu ya utafiti yangebaki siri ya utafiti, lakini ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa imemtaka, kama daktari wa mama, aseme mwisho wa mwezi iwapo mtoto abaki na mama yake au apelekwe kulelewa kwingine.

"Hatapelekwa popote," nilisema.

"Tuombe hivyo, mzee. Mimi nitasema nitakachokiona."

Basi nikaazimia aone kitu kizuri. Kiwandani tulikuwa na desturi: mfumaji akichelewa, mwenzake humshikia mashine. Uzi haukatiki, jora linakamilika, na ukilikunjua hujui nani alifuma kipande kipi. Hatukuuita udanganyifu, tuliuita udugu. Nami nikamshikia binti yangu mashine. Nilimwamsha mimi, nikachemsha chupa mimi, nikambadilisha mtoto nepi mimi, na mama yake nikamketisha mezani akiwa amenawa. Mtoto alikuwa na sauti! Jirani yetu wa ng'ambo ya njia, fundi wa cherehani, alimpa jina la King'ora.

"Mzee!" alinipigia kelele kutoka barazani kwake. "Kiwanda kimefunguliwa tena? Nije na kitambulisho changu?"

"Njoo na adabu kwanza," nilimjibu.

Daktari alipokuja mara ya pili, aliketi mezani akamgeukia binti yangu. "Leo umeamka saa ngapi, dada?"

"Alfajiri," nilijibu.

"Na mtu wa kwanza kuongea naye?"

"Mimi. Alinisalimia vizuri."

"Mtoto je, amekula?"

"Kabla jua halijatoka. Nimemlisha mwenyewe, akacheua barabara."

Binti yangu alikuwa akitazama kikombe chake. Daktari aliweka kalamu chini.

"Mzee wangu, nikiyachukua majibu haya, utafiti wangu utathibitisha kwamba kuna babu mmoja mwenye ratiba kuliko wanajeshi. Lakini babu huyo hajawahi kutumia unga."

"Mungu apishe mbali!"

"Sasa ustawi wa jamii nitawaambia nini? Mama huyu sijamwona. Nimekuona wewe."

Nikamweleza desturi yetu ya kiwandani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Na yule aliyeshikiwa mashine kila siku, mzee, mlijuaje kama anaweza kufuma?"

Mimi ni mtu wa majibu, lakini safari hii binti yangu aliniwahi.

"Baba, niache nijaribu. Nikishindwa, nishindwe mimi."

Tukakubaliana kwamba kila asubuhi, mpaka atakapotoka kwenda kunywa dawa yake, ningekaa kwa fundi, mikono mitupu.

Asubuhi ya kwanza fundi aliamua kunipima koti, kazi niliyomwagiza tangu zamani. Alikuwa ameshanijaza pini mgongoni na makwapani mtoto alipoanza kulia. Akalia, akazidisha. Dirisha la binti yangu lilikuwa bado limefungwa. Nilijua chupa ilipo na maziwa yalipo. Nikapiga hatua.

"Simama hapo," fundi akasema, pini zikiwa midomoni.

"Mtoto analia."

"Nasikia, mimi si kiziwi. Ukitoka na pini hizo utafika kama nungunungu."

"Huenda mama yake hajaamka. Huenda ame..." Sikumaliza. Sote wawili tulilijua neno lililobaki.

"Huenda anavaa," fundi alisema. "Nyoosha mkono, mzee."

Nikaunyoosha. Nimebeba majora ya nguo ujana wangu wote, lakini mkono ule ulikuwa mzito kuliko jora lolote. Hatimaye dirisha likafunguka, nikasikia sauti yake, nzito kwa usingizi: "Haya, haya, mama. Nimeshaamka. Usinitangaze mtaa mzima." Kilio kikawa kwikwi, kisha kikatulia. Ilimchukua muda kutoka, mtoto mgongoni, nywele hazijachanwa. Alikuwa amechelewa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Nilikuwa na mengine ya kusema. Nikamgeukia fundi anitoe pini.

Zilizofuata hazikuwa asubuhi za mke wangu. Alimwogesha mtoto kwanza, chai baadaye, ufagio mwisho, na siku moja ufagio haukushikwa kabisa. Lakini kwenye benchi la fundi masikio yangu yalianza kuuzoea mpangilio wake: maji ya beseni, kijiko ndani ya kikombe cha maziwa, kilio kifupi cha kuvalishwa, kitasa cha mlango. Kesho yake, vilevile. Hapo nilikumbuka chumba cha kufumia, jinsi nilivyoweza kufumba macho nikajua kwa mlio mashine ipi ni ya nani. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu nisikie kazi ya mtu nikamtambua kwayo, na sikujua nilivyoikosa raha ile.

Mwisho wa mwezi daktari alirudi. Niliketi pembeni, mdomo nimeufunga. Binti yangu alijibu mwenyewe, hata zile asubuhi alizochelewa hakuzificha. Kisha akasema jambo ambalo sikulijua.

"Wiki iliyopita hamu ilinishika, daktari. Nilikuwa nimeshakunywa dawa, narudi nyumbani, miguu ikataka kwenda kulekule kwa zamani."

Nilikohoa. Daktari hakunitazama.

"Ukafanyaje?"

"Wakati wa mtoto kula ulikuwa umefika, akaanza kunililia mgongoni. Nikageuza, nikarudi kliniki, nikamwomba muuguzi maji ya moto. Nikamlisha palepale. Nikakaa mpaka ikapita."

Daktari alimaliza kuandika. "Ukiniruhusu, hilo nitawaambia ustawi wa jamii. Nami nitawashauri mtoto abaki na mama yake."

Binti yangu akaangua kilio. Mimi niliona vyema niende uani kuangalia kama nguo zimekauka.

Siku hizi wana nyumba yao, mama na mwana, nami chai yangu nainywa katika kimya ambacho sikukizoea. Mara nyingi hurudi kwa mawazo kwenye ua ule, alikonifuata binti yangu siku ile, macho yakiwa bado mekundu.

"Baba, kesho usiende kwa fundi."

"Kwani nimekosa nini tena?"

"Hujakosa. Nataka uwe unabaki na mtoto nikienda kunywa dawa. Baridi ya asubuhi inamsumbua kifua."

"Nimchukue lini?"

"Nikishamwogesha na kumlisha. Sio kabla, baba."

"Sio kabla," nilimwambia. "Nitakuwepo, mama."