Jumapili ya Mbio Mbili

Simu ya Ignasi iliingia ofisi kuu ya shamba la ngano la serikali Alhamisi asubuhi, na Zita akaitwa kutoka karakana akiwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Hakuwa na muda wa kunawa. Alishika mkonga wa simu kwa kitambaa, akamsikia kaka yake akiongea harakaharaka kama mtu anayefukuzwa.

"Zita, Jumapili tutaonekana kwenye televisheni. Mbio za dunia zimekuja huku kwetu. Lile dishi la klabu bado linafanya kazi?"

"Linafanya."

"Basi angalia. Pikipiki nyekundu, namba ishirini na saba. Mimi niko kwenye magurudumu na breki. Kuna mbio mbili siku hiyohiyo, ya mchana na ya jioni. Na baba..."

Zita alisikia pikipiki ikiungurumishwa nyuma ya kaka yake, huko Johannesburg, kisha ikazimwa.

"Baba nitamwambia," alisema.

"Nitapiga tena Jumatatu asubuhi. Niambie kama mliniona." Laini ikakatika.

Zita alirudi karakana akilifikiria lile neno "kwetu". Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka ule wa mvua za Elinino. Ngano ilikuwa imechelewa kukauka, na sasa yote imekauka kwa mpigo, kwa hiyo mashine zote za kuvuna zilikuwa shambani, na kila siku mojawapo ilikatika kitu. Yeye alikuwa mwanamke pekee katika karakana ile. Watu waliokuja wageni walishangaa wiki moja, halafu wakazoea.

Baba yao, Mzee Hhando, alikuwa mtu wa Daudi, Mbulu. Alifika Hanang akiwa kijana, siku zile matrekta ya serikali yalipokuwa yanavunja ardhi kwa mara ya kwanza, akafundishwa kuendesha na hakuteremka tena mpaka mgongo ulipokataa. Watoto wake wawili walikulia kwenye nyumba za wafanyakazi na kujifunza spana kabla ya kujifunza hesabu. Ignasi alikuwa fundi mzuri kuliko wote. Siku moja alipanda lori la vipuri lililokuwa linarudi kusini, akisema anakwenda kuona, na hakurudi. Alifagia gereji moja Johannesburg, akaosha pikipiki, akaanza kuzifungua, mwishowe akachukuliwa na timu ndogo ya mbio.

Hayo baba yake angeweza kuyameza. Lakini miaka miwili iliyopita mama yao, Verediana, alifariki, na Ignasi hakuja kuzika. Alilia kwenye simu. Alisema hana karatasi, akivuka mpaka hataruhusiwa kurudi, na kazi ndiyo kwanza ameipata. Zita alimweleza baba yake yote hayo usiku wa matanga. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Angekuja kwa miguu," alisema. "Mimi nilikuja huku kwa miguu kutoka Daudi."

Tangu hapo hakulitaja jina la mwanawe. Alistaafu, akajenga Nangwa, kijiji cha jirani, akawa na ng'ombe wake wachache na shamba la mahindi, na mtu akimuuliza habari za watoto alijibu, "Zita yupo, hajambo."

Ijumaa Zita alishinda chini ya mashine iliyokata mkanda katikati ya shamba, upepo wa mlimani ukimpulizia makapi machoni. Jumamosi mchana aliomba ruhusa, akaenda klabu ya wafanyakazi. Siku hiyo waendesha pikipiki walikuwa wanakimbia mmoja mmoja kutafuta nafasi za kuanzia. Lakini Kombe la Dunia lilikuwa limefika pazuri, na jioni ile kulikuwa na mechi. Watu walishaanza kubeba viti. Reginald, mhasibu wa shamba, mtu wa Bukoba aliyependa mpira kuliko chakula, ndiye aliyekuwa na rimoti.

"Dada Zita, nakupa dakika chache tu," alisema. "Hawa wataniua."

Katika dakika hizo chache aliona barabara nyeusi inayojikunja kati ya majani makavu, majani ya rangi ileile ya Hanang mwezi wa saba, na pikipiki zikilala kwenye kona mpaka magoti ya waendeshaji yakagusa lami. Namba ishirini na saba ilipita mara moja. Chini ya kioo yakatokea majina. Kijana wa Kikaburu aliyeiendesha, Botes, alikuwa karibu na mkia. Halafu Reginald akabadilisha, na klabu nzima ikashangilia watu waliokuwa bado wanaimba wimbo wa taifa.

Jumapili, baada ya misa ya Nangwa, Zita alimsubiri baba yake nje ya kanisa. Mzee alitoka polepole akiitikia shikamoo za watu, kofia mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekonda. Hiyo ngano itawamaliza."

"Baba, leo kuna mbio za pikipiki kwenye televisheni ya klabu. Ignasi yupo. Wanaweza kumwonyesha."

Mzee alivaa kofia yake, akairekebisha.

"Nina ng'ombe wa kunywesha," alisema, akaenda zake.

Zita alipanda pikipiki ya karakana, Honda ya zamani ambayo mafundi waliitumia kufuata mashine shambani, akarudi peke yake.

Siku hiyo hakukuwa na mechi. Klabuni walikuwapo Reginald na wacheza bao watatu, na Gidahosh, mlinzi, aliyesimama dirishani na fimbo yake kwa sababu kazini hakuruhusiwa kukaa. Gidahosh alizaliwa kwenye uwanda huohuo kabla haujawa ngano, na alikuwa na mazoea ya kuangalia mambo ya shamba kama mtu anayesubiri mgeni aage.

Mbio za kwanza zilianza kwa kishindo kilichofanya wacheza bao wanyanyue vichwa. Zita hakuwaangalia wa mbele. Alimtafuta Botes kwenye kundi la nyuma, akamwona akipanda, anampita mmoja, anampita mwingine, anabana breki mwisho kabisa wakati wenzake wameshabana. Breki za Ignasi, alijiambia. Zinashika vizuri.

Kwenye raundi ya sita, gurudumu la nyuma la aliyekuwa mbele ya Botes liliteleza. Botes hakuwa na pa kwenda. Pikipiki mbili zilianguka pamoja, zikaburuzika hadi kwenye kokoto, na ile nyekundu ikapinduka hewani mara mbili, ikavunjika vipande vinavyoonekana. Botes alinyanyuka mwenyewe. Alisimama akishika kiuno na kuitazama.

"Basi," alisema Reginald. "Imekwisha."

"Kuna ya pili saa kumi na nusu."

"Kwa pikipiki ipi, dada?"

Ignasi alishawahi kumwambia timu yao ni ya kuungaunga, kwamba wenzao wana pikipiki ya akiba na wao hawana. Waliirudia picha ya ajali polepole, na safari hii aliiangalia kama fundi: shokapu za mbele zimepinda, rimu imepasuka, radieta imetoboka, usukani umekatika upande mmoja. Tangi huenda likanyooshwa. Fremu hakuweza kuiona vizuri. Alitoka nje, akasimama juani. Kisha akawasha Honda na kurudi Nangwa.

Alimkuta baba yake kwenye birika la maji, ng'ombe wakinywa.

"Pikipiki yao imeanguka, baba."

Mzee aligeuka haraka kuliko umri wake. "Mtu ameumia?"

"Hapana."

"Basi." Akarudi kuwaangalia ng'ombe. Ndama alikuwa anasukumwa. Akamsogeza dume kwa kiganja. Baada ya muda akauliza, bila kumtazama, "Imevunjika wapi?"

Zita alimwambia. Alitaja kimoja kimoja, na mzee akawa anaitikia kwa kichwa.

"Na wanataka kuirudisha barabarani leo?"

"Leo. Kabla ya saa kumi na nusu."

"Wako wangapi?"

"Watatu, nadhani. Wanne."

Mzee Hhando alitazama jua. Zita aliujua uso ule. Alimwona nao utotoni, misimu ile trekta ilipokufa wingu likiwa limeshasimama juu ya mlima na mbegu bado ziko kwenye magunia.

"Hawatamaliza," alisema mzee.

"Labda."

"Rimu unabadilisha. Shokapu unabadilisha. Fremu ikiwa imepinda, utabadilisha nini?" Akakung'uta maji mikononi. "Ngoja nichukue koti."

Hakuwahi kupanda pikipiki. Alikaa nyuma ya binti yake wima kama yuko kwenye benchi la kanisa, akamshika mabegani kwa mikono mizito njia nzima.

Klabuni kila mtu alisimama. "Shikamoo, mzee." Reginald akatoa kiti chake cha mbele. Gidahosh, ambaye alikuwa rika la mzee, alisalimiana naye kwa kushikana mikono, kila mmoja kwa lugha yake kisha wote kwa Kiswahili.

Walionyeshwa matangazo. Wakaonyeshwa washindi wa mbio za kwanza wakimwagiana povu. Mzee aliuliza kama ile ni pombe, akaambiwa ndiyo, akatikisa kichwa.

Halafu kamera ikaanza kutembea kwenye mstari wa kuanzia, kutoka mbele kwenda nyuma. Pikipiki zimesimama kwa safu, tairi zimefungwa mablanketi ya kuzipasha moto, wasichana wameshika miavuli. Mtangazaji alikuwa anaongea upesi, Kiingereza ambacho Reginald aliacha kukifuata. Safu ya tatu, ya nne. Safu ya mwisho, pembeni, ilikuwapo pikipiki isiyokuwa nyekundu tena. Ubavu mmoja ulikuwa mweupe, wa kuazima, na namba ishirini na saba imeandikwa kwa utepe mweusi wa kunata.

"Ndiyo hiyo!" Zita alisimama. "Ndiyo hiyo, baba!"

Mtu mwembamba alikuwa amepiga goti mbele ya gurudumu la mbele. Alivua blanketi la tairi kwa mkupuo mmoja, akaweka kiganja juu ya mpira kupima joto, akanyanyua uso. Ulikuwa mweusi kwa uchafu, na kwenye paji la uso damu ilikuwa imekauka. Alitazama moja kwa moja kwenye kamera bila kujua, kama mtu anavyotazama dirisha, kisha akachukua vifaa vyake na kukimbia kutoka barabarani.

Mzee Hhando alikuwa ameegemea mbele, mikono juu ya magoti.

"Amejikata," alisema.

"Ni kidogo tu, baba."

"Ni wewe unasema." Na baada ya pikipiki zote kuondoka na moshi kutulia, akasema tena, sauti ya chini, "Ni mama yake mtupu. Sikumbuki kama alikuwa anafanana naye hivyo."

Mbio zile za pili hazikuwa na ajabu kwa mtu mwingine yeyote. Kamera ilishinda na wa mbele, na Botes ilibidi wamtafute kwenye majina chini ya kioo. Zita alimsomea baba yake: wa kumi na tisa, wa kumi na sita, wa kumi na sita, wa kumi na tatu. Kila mara alipopotea, mzee aliuliza, "Bado inatembea?" Hakuuliza nani anaongoza. Zilipobaki raundi mbili Botes alikuwa wa tisa. Kona ya mwisho akapitwa, akamaliza wa kumi.

"Imefika," alisema Zita.

Mzee alishusha pumzi. Aliwashukuru watu kwa kiti, akatafuta kofia yake.

Jumatatu asubuhi, Zita alipofika ofisini kungoja simu, alimkuta baba yake ameshakaa kwenye benchi la korido, amevaa lile koti. Hakumwuliza amekujaje. Simu ilipolia, alimpa mkonga moja kwa moja.

Mzee aliushika kwa mikono miwili. Zita aliisikia sauti ya kaka yake, nyembamba, ikisema, "Haloo? Zita? Mliniona?"

"Ni mimi," alisema mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee alitazama ukuta. "Ile fremu. Haikupinda?"

"Ilipinda kidogo, baba. Tuliinyoosha kwa jeki, ile ya lori. Tulifunga mnyororo kwenye nguzo."

"Kwa jeki." Mzee alifikiri. "Na ikatembea moja kwa moja?"

"Ilikuwa inavuta kushoto. Dereva alivumilia."

"Kichwa chako vipi?"

"Ni mkwaruzo, baba. Radieta."

Waliongea habari za shokapu na rimu, nani aliwaazima, boliti zilizokatika ndani ya shimo, mpaka karani akaanza kutazama saa. Sauti ya Ignasi ilikuwa inakimbia, halafu ikakwama.

"Baba, kuhusu mama..."

"Kaburi tumelijengea," alisema mzee. "Liko Daudi, kwa babu yako, upande wa juu. Karatasi zako zimefikia wapi?"

"Wameniahidi mwakani."

"Basi mwakani utakuja." Haikuwa swali. Alimrudishia Zita simu, lakini laini ilikuwa imeshakatika.

Ignasi alikuja Pasaka ya mwaka uliofuata, kwa basi la Arusha, na begi moja. Mzee Hhando alikwenda naye Daudi. Zita hakwenda, shamba lilikuwa linapanda, na mashine za kupandia zilikuwa mbovu kuliko mwaka wowote, maana vipuri havikuwa vinaletwa tena na watu walishaanza kunong'ona kwamba serikali inatafuta wa kuuziwa. Walichoongea wale wawili kaburini hakukijua. Ignasi alimwambia tu kwamba baba alimwonyesha pa kuanzia na jembe, wakapalilia pamoja, na kwamba mvua iliwakuta njiani wakalala kwa ndugu.

Alikaa wiki mbili, akaondoka. Mzee alimsindikiza hadi barabarani, akasimama hapo mpaka basi likapotea upande wa Katesh, kisha akaenda kuwafungulia ng'ombe.