Upanga wa Kupasulia Nazi

Usiku wa kuamkia leo, siku ya harusi yangu, niliota nimesimama mlangoni kwa kina Zuhura na panga mbili mikononi, na zote mbili zinanisengenya.

Mmoja nimeuazima kwa jirani yetu, Mzee Shekuwe. Ni mrefu, umenyooka, na ala yake ni ya ngozi. Mwingine ni wa kwetu. Babu yake baba alikuwa baharia, akarudi nao kutoka melini: mfupi, mpana, umepinda, na mpini wake una shaba ya kukinga vidole. Mama huupasulia nazi. Wiki iliyopita mjomba wake Zuhura aliuona jikoni, akasema kwao bwana harusi haingii na kisu cha nazi. Niliona haya, nikaenda kuazima.

Mlangoni amekaa Bi Mwanakombo, somo wa bibi harusi aliyemfunda, na futi ya fundi cherehani shingoni.

"Upanga ni upi hapo?" ananiuliza.

"Huu mrefu, bi."

"Na huo mwingine?"

"Huo wa jikoni tu."

"Mwongo huyu," upanga mfupi unasema, bila hasira. "Mimi ni upanga. Ila si kila upanga unaweza kuwa mimi."

Bi Mwanakombo anasema neno kama hilo lazima jamaa walithibitishe. Anapiga makofi, na panga zote za ulimwengu zinatoka ndani kwa foleni, zimevaa kanzu. Ziko za kuchoma, za kukata, na za wapanda farasi. Zinaupa mkono upanga wangu mmoja baada ya mwingine. Mikono zimeipata wapi, sijui.

"Huyu ndugu yetu," zinasema. "Alikwenda baharini akafupika."

Upanga wa mpanda farasi, nao umepinda, unauliza, "Na wewe umepindia farasi gani?"

"Sina farasi. Nimepinda ili nikate hata nikibanwa."

Zote zikaridhika. Mimi sikuelewa kitu, lakini niliitikia kwa kichwa.

Tunaingia ukumbini, na ukumbi ni merikebu. Dari iko chini hata kilemba changu kinafagia mbao, na kamba zimepita kila upande. Kule mwisho Zuhura amekaa kwenye kitanda cha harusi. Kitanda kimetweka chandarua kama tanga na kinaondoka taratibu.

"Unakuja au huji?" ananiuliza.

Nachomoa ule mrefu. Unagonga boriti na kukwama.

"Nahitaji nafasi," unasema. "Hiyo ni kanuni."

Bi Mwanakombo anakwenda jikoni kutafuta nafasi. Anarudi na kikombe cha kahawa.

"Imekwisha," anasema. "Imebaki hii."

Upanga mrefu unachungulia ndani ya kikombe. "Haitoshi. Tungoje."

Zuhura amekwisha kuwa mdogo kule mbali. Nikaogopa kweli. Miaka mitatu nimemposa, na sasa nampoteza kwa sababu ya boriti.

"Nishike mimi," upanga mfupi unasema. "Hukufundishwa, najua. Mabaharia wengi hawakufundishwa. Kata tu."

Nikakata. Kamba moja, ya pili, kisha turubai zima lililonizibia njia. Vidole vyangu ndani ya ile shaba havikupata hata mkwaruzo. Nikaruka, nikadandia kitanda.

Zuhura hakuniangalia mimi. Aliuangalia upanga.

"Mbona ulikuwa unanificha upanga huu?" akauliza.

Nilijiona mtu duni kabisa.

Niliamshwa na sauti ya mama, nikaenda jikoni. Alikuwa ameshika nazi mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anachomoa nyuzi zilizonasa kwenye makali ya ule upanga mfupi. Ni nyuzi za katani, nyeusi, zinanuka lami. Nyumbani kwetu kamba zote ni za nailoni.

"Nani amekata kamba kwa kisu changu?"

"Mama, hicho si kisu," nilimwambia. "Ni upanga. Ule wa Mzee Shekuwe naurudisha sasa hivi. Alasiri nakwenda na huu kwa kina Zuhura."

Mama akaiweka nazi chini, akashika ncha ya leso yake, akaanza kuisugua ile shaba.