Mchezaji Aliyekosekana Mazoezini

Mchungaji alifika uwanja wa chuo saa kumi na nusu, maneno yake ameyapanga tangu asubuhi. Baraza la kanisa lilikuwa limemtuma kwa dada yake, kocha wa netiboli ambaye wanafunzi walimwita Mama Kipenga, amwambie kwamba huenda timu ikafutwa. Chuo kilikuwa cha kanisa, na wazee hawakuona mpira unawahusu nini.

"Dada, wanauliza faida yake," alisema. "Haileti ada, haileti sadaka."

"Na wewe, unaiona?"

Akakuna kidevu. Kusema kweli, hata yeye hakuiona.

Kocha tayari alikuwa anahesabu vichwa. "Mlinzi wetu wa goli yuko wapi?"

Wasichana wakatazamana. Hakuna aliyemwona tangu jana jioni. Akawatuma wawili bwenini. Punde mmoja akarudi anahema: mlango wa chumba chake umefungwa kwa ndani, na kuna mtu anaguna.

Mchungaji, ambaye mwili hakunyimwa, ndiye aliyeuvunja mlango kwa bega. Msichana alikuwa sakafuni, homa imempanda, hamtambui mtu. Wakambeba kwa blanketi hadi kwenye gari la mchungaji, wakamkimbiza hospitali.

Daktari alisema malaria ilikuwa imeshafika kichwani. Wangengoja hadi kesho yake, asingekuwa na la kufanya.

Jumamosi, kwenye kikao cha baraza, mzee mmoja, mhandisi mstaafu asiyependa kuzungushwa, akauliza, "Mchungaji, timu hii imetuletea waumini wangapi?"

"Sijui, mzee wangu. Ninachojua ni kwamba siku ile msichana yule darasani aliandikwa yupo. Wenzake walimsainia. Ibada ya asubuhi niliiongoza mwenyewe, wala sikugundua kuwa hayupo. Uwanjani alikosekana dakika tano tu, wakaanza kumtafuta."

"Basi tuajiri mlezi wa bweni."

"Tunaye. Siku nzima alikuwa ghorofa ya chini palepale, kwenye meza yake."

Mhandisi akainamia karatasi zake. Kura zilipopigwa, timu ikapewa mwaka mmoja, bila safari za mbali.

Mchungaji alidhani dada yake angefurahi.

"Bila safari watacheza na nani?"

"Na sisi wazee, labda."

Dada akalitazama tumbo la kaka yake, akatabasamu kidogo. Jioni hiyohiyo akaketi kuviandikia barua vyuo vya jirani, kuviomba vije vyenyewe.